Valvu ya breki za nyuma isirukwe

Chini ya Hiace ya zamani, juu kidogo ya difu, kuna kipande cha chuma kinachojaa kiganjani. Kimefungwa kwenye chesisi, paipu za breki zinaingia na kutoka, na kwa chini kina mkono wenye springi ndefu iliyokwenda kushikwa kwenye difu. Ndiyo valvu inayogawa nguvu ya breki za nyuma. Abiria hajawahi kuiona, konda hana habari nayo, na madereva wengi ninaowatengenezea magari hapa Tanga huijua siku inapoanza kuvuja. Siku hiyo utasikia: "Fundi, iruke tu, nina watu wananisubiri." Maana yake paipu ikatwe, iunganishwe moja kwa moja mpaka nyuma, na valvu itupwe kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Kazi yenyewe haichukui muda. Jioni gari liko stendi linapakia.

Mimi siiruki, na nawaomba mafundi wenzangu tuache kuiruka. Nawaomba na wenye magari waache kutuagiza tuiruke. Katika mambo yote mabaya yanayofanyika uvunguni mwa magari yetu ya abiria, hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu linafanywa na watu wenye ujuzi, kwa nia ya kusaidia, na gari linatoka gerejini likionekana limepona.

Gari likishikwa breki, uzito unakimbilia mbele. Pua inainama, nyuma inanyanyuka, tairi za nyuma zinabaki zimeigusa lami kwa wepesi. Hiyo ni hali ya gari lolote, ila Hiace inaizidisha. Hizi za kizazi kilichoanza mwaka 1989, ambazo bado zimejaa vijijini na miji midogo, injini yake iko mbele chini ya viti, na nyuma ikiwa tupu hakuna cha maana zaidi ya bodi na viti. Sasa ijaze: watu kila kiti, magunia ya machungwa ya Muheza, ndoo za dagaa, mama na mtoto mapajani. Uzito mwingi umehamia nyuma. Gari ni lile lile, lakini nguvu ya breki ya nyuma inayolifaa likiwa limejaa ni kubwa mno likiwa tupu.

Waliolitengeneza walilimaliza tatizo hilo kwa springi. Gari likibeba, bodi inashuka, springi inakaza na kuusukuma mkono wa valvu, nayo inaachia presha zaidi iende nyuma. Abiria wakishuka, bodi inapanda, springi inalegea, valvu inabana. Dereva akikanyaga kwa nguvu, presha ya mbele inaendelea kupanda na ya nyuma inapanda taratibu tu baada ya kufika kiwango chake. Hakuna waya wala kompyuta. Ndani kuna pistoni, mipira ya kuzuia mafuta yasipenye, basi. Kwenye nyingi ya valvu hizi kuna paipu nyingine inayotoka upande wa breki za mbele, na kazi yake ni hii: mbele kukipasuka na presha ikapotea, valvu inaacha kubana na nyuma inapewa nguvu yote. Anayeikata valvu anaikata na akiba hiyo, na wengi wanaoikata hawajui kwamba ipo.

Kwa nini tairi za nyuma zikifunga ndiyo hatari kubwa? Tairi za mbele zikifunga, usukani haufanyi kazi, lakini gari linaendelea kuelekea lilikokuwa linaelekea, na dereva akilegeza mguu analipata tena. Za nyuma zikifunga kabla ya mbele, nyuma inataka kuipita mbele. Kila aliyeendesha baiskeli utotoni akashika breki ya nyuma kwenye mchanga anajua namna mkia unavyokimbilia pembeni. Kwenye Hiace iliyo tupu, lami ina maji, mwendo ni wa kawaida tu wa safari, hiyo ni nusu duara katikati ya barabara, na ubavu wa gari unaelekezwa kwa anayekuja.

Masika yaliyopita kijana mmoja wa njia ya Pangani aliniletea Hiace iliyobonyea ubavu mzima. Alishusha abiria wa mwisho, akawa anarudi mjini na konda wake tu, mvua ikaanza. Mbuzi wakakatiza, akakanyaga. Gari likageuka, likaacha barabara, likasimama limeegemea mnazi. Walitoka wazima, namshukuru Mungu. Nilipomuuliza breki zilikuwaje, akanijibu, "Mzee, breki zilishika sana. Ndizo zilizoniponza." Nikaingia chini. Paipu ilikuwa imenyooka kutoka mbele mpaka nyuma, kiungo kipya kinang'aa pale ilipokuwa valvu, na springi imefungwa kwa waya ili isipige kelele. Hakuwa yeye aliyeagiza. Gari alilipokea hivyo kutoka kwa dereva aliyemtangulia, na hakuna aliyemwambia.

Hilo neno lake nalisisitiza kwa sababu ndilo linalowadanganya watu. Ukiiruka valvu, gari linashika zaidi. Dereva analijaribu hapo nje ya gereji, kwenye vumbi kavu, kwa mwendo mdogo, au analijaribu limejaa, anasema fundi ameweza. Ni kweli likijaa linashika vizuri. Linamgeuka siku liko tupu, barabara ina utelezi, na yuko kasi. Jaribio letu la gerejini halifiki hapo.

Kuna namna nyingine ya kuiruka, ambayo kwa upande wetu wa milimani naiona mbaya zaidi. Fundi hana kipande cha paipu cha kuunganishia, kwa hiyo anaziba. Anakunja paipu ya kwenda nyuma au anaipiga plagi, breki za nyuma zinakufa kabisa, gari linategemea za mbele peke yake. Haliwezi kuzunguka, hilo nakubali. Lakini lipeleke Lushoto. Barabara ile kutoka Mombo kupitia Soni imechongwa ubavuni mwa mlima, kona juu ya kona, na kurudi kwake ni kushuka tangu mwanzo hadi mwisho. Gari limejaa watu na mboga. Breki za mbele zinabeba kazi yao na ya nyuma, diski zinapata moto, moto unaingia kwenye kaliba na kwenye mafuta. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kipimo kinachokubalika kinashuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyezeka. Dereva anakanyaga, pedali inazama hadi sakafuni. Ndipo magazeti yanaandika kwamba gari "lilifeli breki", kana kwamba breki zilijiamulia.

Kuvuja kwenyewe kunatoka wapi? Chanzo kikubwa ni maji. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, na sisi wa pwani tunao wa kutosha. Kwa kuwa watu wengi hujaza mafuta yakipungua bila kuyabadilisha yote, maji yanalundikana ndani mwaka hadi mwaka. Yanakaa kwenye sehemu ambazo mafuta hayatembei sana, na valvu hii ni mojawapo. Ukuta wa ndani inakopita pistoni unaanza kutu, unapata vishimo vidogo, kila pistoni ikisogea vishimo vinaukwangua mpira, hadi siku mpira unapoachia. Nje nako chumvi ya bahari na tope vinaingia kwenye kifuko cha mpira kilichopasuka. Halafu kuna wanaomwagia mafuta ya gia au ya haidroliki wakidhani mafuta ni mafuta. Mipira ya breki haiyavumilii. Inavimba, inalainika kama ubani uliotafunwa, na hapo hutatengeneza valvu pekee, utatengeneza mfumo mzima kuanzia masta silinda.

Kuijua ni rahisi kama mtu ana subira. Kopo la mafuta ya breki kwenye Hiace limegawanywa, mbele na nyuma. Upande wa nyuma unapungua, mtu anavua drami zote mbili akitafuta silinda inayovuja, anakuta kukavu. Asifunge drami na kusema mafuta "yanapotea tu". Aingie chini na kitambaa kikavu. Aangalie rangi ya chesisi kuzunguka valvu: mafuta ya breki yanaila rangi, utaona imevimba na kubanduka. Aifute valvu mpaka ikauke kabisa, kisha mwenzake akae juu akanyage pedali aishikilie kwa nguvu. Halafu anyanyue kwa uangalifu ncha ya kile kifuko cha mpira pale mkono unapoingia. Kukavu, atafute kwenye nati za paipu. Kukitoka mafuta membamba yanayoteleza vidoleni, yasiyo na uzito wa oili ya injini, hukumu imetoka. Mpira wa ndani umekwisha, na hakuna kukaza nati wala gundi itakayosaidia.

Kazi ya kuitoa ndiyo inayowakatisha tamaa wengi, nami siwalaumu. Nati za paipu zimeshikwa na kutu miaka yote hiyo. Ukiweka spana ya kawaida ya namba 10 inakula pembe za nati, ukishika kwa plaizi umemaliza kila kitu. Inatakiwa ile spana ya paipu, yenye mdomo uliofungwa pande zote isipokuwa mwanya wa kupitishia paipu. Piga brashi ya waya, weka mafuta ya kulegezea kutu usiku, asubuhi jaribu kidogo kukaza kabla ya kufungua. Nati ikikubali huku paipu inazunguka nayo, simama, maana paipu itajisokota na kukatika. Mara nyingi ni busara kukubali mapema kwamba kipande hicho cha paipu utakibadilisha, ukikate, na ukunje mdomo mpya kwa kifaa chake, ukunjo wa mara mbili. Mdomo wa kukunja mara moja kwenye paipu ya breki ni ufa unaosubiri siku yake.

Kabla hujagusa springi, pima. Nasema pima kwa rula, uandike: urefu wa ile sehemu ya kurekebishia, kutoka wapi hadi wapi, gari likiwa limesimama kwa tairi zake na halina kitu. Ndicho kitu kinachoiambia valvu kwamba gari limebeba au halijabeba. Fundi akifungua bila kupima, akarudisha kwa kukisia, anaweza kufunga valvu mpya kabisa na kupata matokeo ya aliyeiruka. Kitabu cha Toyota kinatoa kipimo cha kila modeli, na kinaagiza presha ya mbele na ya nyuma zilinganishwe kwa vipimo viwili gari likiwa na uzito maalumu kwenye ekseli ya nyuma. Gereji zenye vipimo hivyo ni za kuhesabu. Kwa asiye navyo, alama aliyoiweka kabla ya kufungua ndiyo mkombozi wake, mradi springi za gari hazijachezewa.

Na springi zimechezewa. Hapa wenye magari wanisikilize. Tajiri anaona Hiace yake inakaa chini ikijaa, anaiongezea pleti za springi nyuma, linanyanyuka, anafurahi kwamba sasa linabeba. Valvu inaisoma ile nafasi kati ya bodi na difu, haina njia nyingine ya kujua mzigo. Gari limejaa hadi mlangoni, lakini kwa kuwa limenyanyuliwa, valvu inaambiwa ni tupu, inabana, breki za nyuma hazifanyi kazi yao, na pedi za mbele zinaisha kila mara. Tajiri analalamika kwamba pedi za siku hizi ni feki. Akiongeza pleti, ni lazima valvu irekebishwe iendane na kimo kipya. Sijakutana na mwenye gari aliyeniomba hilo bila kwanza kuelezwa.

Kuhusu kubadilisha mipira ya ndani tu, maoni yangu ni haya: ukuta wa ndani ukiwa laini kama kioo, na mipira ya kipimo chake ikapatikana, inawezekana. Ukiona hata kishimo kimoja, acha. Wanaosugua kwa msasa wanaupanua mwanya, na mpira mpya hautafika mbali. Valvu ya kutolewa kwenye gari jingine nitaikubali ikiwa ni ya modeli ile ile, nimeifungua kifuko na kuiona kavu, na pistoni inarudi yenyewe ikibonyezwa. Vinginevyo inunuliwe mpya. Ikishafungwa, mafuta ya zamani yatolewe yote, breki zitolewe upepo kuanzia tairi la mbali, na kama valvu ina nati yake ya kutolea upepo isisahauliwe. Halafu paoshwe kwa maji na sabuni, maana mafuta haya yanayeyuka majini, ili kesho yakionekana tena tujue ni mapya.

Najua nitajibiwa kwamba hayo yote ni gharama. Ni kweli, valvu mpya inaweza kumeza hesabu za siku nyingi, na kipande cha paipu ni hela ya chai. Dereva anadaiwa hesabu jioni hata kama gari limelala gerejini. Tajiri hajawahi kulala chini ya gari lake. Anachokijua ni kwamba halikuleta hela. Deiwaka anayeshika usukani Jumapili hajui historia ya gari hata kidogo. Katika mnyororo huo, anayejua ukweli ni fundi peke yake, ndiyo sababu maneno yangu nayaelekeza kwetu kwanza. Dereva akisema iruke, jibu letu liwe kwamba gari litalala, na tumpigie tajiri simu sisi wenyewe tumweleze. Wengi wao, nimeona, wakielezwa kwa lugha ya kueleweka kwamba gari likiwa tupu litageuka mvuani, wanatoa hela. Wachache wanalipeleka kwa mwingine.

Wapo wanaoniambia magari mapya hayana valvu hii, kwa hiyo si ya lazima. Magari mengi mapya hayana springi hiyo kwa sababu kompyuta ya ABS inapima mwendo wa kila tairi na kugawa nguvu yenyewe. Kazi imebaki, imehamishiwa kwingine. Gari la mwaka 1995 lisilo na ABS, ukiliondolea valvu, hakuna aliyebaki kuifanya.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu kutembea barabarani, na kila mwaka magari yanakaguliwa na kubandikwa stika. Ombi langu kwa wakaguzi ni dogo: gari la abiria likaguliwe na uvunguni, pale juu ya difu. Mtu mwenye tochi haimchukui muda kuona kama springi imeshikwa pande zote mbili, kama mkono unacheza ukivutwa, kama paipu zinaingia kwenye valvu au zimepita zake. Ikikutwa imerukwa, gari lisipewe stika mpaka irudishwe. Magari ya shule yaanze, kwa kuwa ndiyo yanayorudi tupu asubuhi na kwenda tupu mchana, kila siku ya masomo.

Na kwetu mafundi, lipo la kufanya bila kumngoja mtu. Vipimo vile viwili vya presha na mipira yake hakuna gereji ya mtaani itakayovinunua peke yake, lakini gereji zote za mtaa wetu tukichanga, vinanunulika. Vikae kwa mmoja wetu, anayevihitaji avichukue asubuhi avirudishe jioni. Mimi fungu langu liko tayari, na nafasi ya kuvitunza ninayo.